Mzee Muhuri Hajastaafu

Mzee Muhuri, mtunza nyaraka wa miaka mingi, alistaafu miaka miwili iliyopita. Aliagwa kwa hotuba ndefu na saa ya ukutani, akaenda zake nyumbani kufuga kuku. Lakini ukiuamini mfumo wa nyaraka wa kampuni, mzee huyo hakuwahi kuchapa kazi maishani kama alivyoichapa baada ya kuondoka. Kwa mwezi mmoja tu alifungua mafaili mia nne, akafuta tisa na kuidhinisha mikataba miwili, na muda wote huo yuko bandani anaokota mayai.

Aliyeligundua jambo hili ni mtunza nyaraka mpya, mama wa miaka arobaini hivi ambaye wachoraji walishambatiza jina la Bi Komeo. Jina alilipata wiki ya kwanza tu, alipouliza kwa nini dereva ana ruhusa ya kubadilisha michoro ya matangi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kampuni ile ilichora na kujenga mifumo ya maji ya majengo makubwa, na michoro, barua na mikataba yake yote ilikaa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta ambao wenyewe waliuita Kabati. Kazi ya Bi Komeo ilikuwa kusimamia nani aingie wapi humo, nani asome tu na nani aruhusiwe kuhariri. Kwenye barua ya ajira ilisomeka kama kazi ya maana. Ukweli ni kwamba Kabati lilikuwa shamba la bibi.

Chanzo kilikuwa woga. Mzee Muhuri alipoondoka, akaunti yake yenye ruhusa zote haikufungwa, eti kazi zisije zikasimama. Neno lake la siri likaandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chai. Tangu siku hiyo, aliyekuta folda imefungwa hakujisumbua kuomba ruhusa. Alikwenda kuchota chai, akarudi mezani kwake akiwa Mzee Muhuri. Mara tatu Bi Komeo alikibandua kile kikaratasi, na mara tatu alikikuta kimerudi, tena kwa mwandiko mzuri zaidi.

Jumatatu moja simu ikaita kutoka eneo la ujenzi wa hospitali. Msimamizi wa mafundi alikuwa na mchoro mkononi, na ukuta wa tangi la maji ulioneshwa kuwa na unene wa sentimita kumi na tano. Yeye alikumbuka walikubaliana ishirini na tano. Zege lilikuwa karibu kumwagwa, akalisimamisha. Kama asingekuwa na macho makali, lile tangi lingepasuka siku moja juu ya vichwa vya wagonjwa.

Mkurugenzi, mwanaume wa sauti kubwa na subira ndogo, alimwita Bi Komeo mbele ya ofisi nzima.

"Mwenye funguo za Kabati ni nani?"

"Ni mimi, bosi."

"Basi kwenye folda ya Michoro Iliyoidhinishwa, mtu ametoa mchoro sahihi akaweka wa zamani. Nyumba yako hiyo. Miezi yako sita ya majaribio inaisha Ijumaa. Niletee jina kabla ya hapo, la sivyo usije Jumatatu."

Jina alikuwa nalo. Kumbukumbu za mfumo zilisema wazi: Ijumaa, saa nane na dakika kumi, Mzee Muhuri. Alimpigia mzee simu hata hivyo, kwa kuwa hakutaka kuacha jiwe bila kuligeuza.

"Mwanangu," mzee akasema, huku kuku wakimpigia kelele nyuma, "Ijumaa saa nane nilikuwa nimelala usingizi wa mchana. Na hata ningekuwa macho, hiyo kompyuta niliichukia tangu siku ilipoletwa."

Bi Komeo alirudi nyumbani jioni ile. Kazi hii aliitafuta miaka miwili, na nani angemwajiri tena mtunza nyaraka aliyepoteza mchoro wa hospitali? Wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, alimsikiliza bila kuinua mguu kwenye pedeli.

"Sasa wifi, kwa nini usiwafungie wote?"

"Kazi itasimama. Watanila nyama."

"Mimi humu kila mtu anaingia," wifi akasema. "Anatazama vitambaa, anavishika, anajipima mbele ya kioo, sina neno. Lakini mkasi wangu hashiki mtu. Hata kaka yangu, mumeo huyo, mwulize siku alipoutumia kukatia waya nilimfanya nini."

Bi Komeo alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akachukua daftari la binti yake, akapasua karatasi tatu za katikati na kuanza kuorodhesha majina.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Jumanne na Jumatano alizunguka meza baada ya meza, thelathini na moja zote, akiuliza swali lile lile: kila siku unafungua nini, unabadilisha nini, na nini unakitazama tu? Wengine walimjibu vizuri, wengine walimkejeli. Mkuu wa wachoraji, aliyeitwa Penseli kwa wembamba wake, alisubiri mpaka watu wamekaa kusikiliza.

"Bi Komeo, na chooni je? Tuje kukuomba ruhusa?"

"Chooni nimekupa kusoma tu," akamjibu. "Kuhariri hapana."

Ofisi nzima ililipuka, na Penseli mwenyewe akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kuanzia hapo watu walimjibu bila kinyongo, na kufikia Jumatano jioni kila mmoja alikuwa na ruhusa zake, kwa jina lake, kwa kadiri ya kazi yake. Mkasi, yaani folda ya Michoro Iliyoidhinishwa, aliwapa wawili tu: Penseli na mhandisi mkuu. Alipokwenda kumweleza mkurugenzi kwamba kesho ataifunga akaunti ya mzee, bosi hakuinua hata uso. "Funga utakacho. Mimi nataka jina."

Alhamisi saa nne asubuhi Mzee Muhuri mwenyewe aliingia ofisini amevaa koti lake la kuagwa. Bi Komeo ndiye aliyemwalika. Aliona si adabu kulifunga jina la mtu aliyetumikia miaka thelathini bila yeye kuwepo. Akamweka kwenye kiti chake, akampa chai, akamwonesha pa kubonyeza.

"Hapa tu?"

"Hapo tu, mzee."

Mzee akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akigonga mihuri yake. Akaunti ikafungwa. Wakatulia kusikilizia. Hakuna aliyepiga kelele wala simu haikuita. Kule kwenye meza za wachoraji kazi ziliendelea kama kawaida.

Mzee alikuwa hajamaliza nusu kikombe pale ujumbe ulipotokea kwenye kioo cha kompyuta. Mfumo ulimruhusu aliyefungiwa kutuma ombi na maelezo mafupi. Bi Komeo akausoma kwa sauti.

"Kutoka kwa Mzee Muhuri. Nimefungiwa. Fungueni haraka, nina kikao na watu wa hospitali saa tano."

Mzee aliweka kikombe chini. Akajitazama koti, akatazama mikono yake miwili.

"Mimi nina kikao?" akauliza. "Na mbona hawakuniambia?"

Lakini Bi Komeo alishasimama. Mwenye kikao na watu wa hospitali saa tano alikuwa mtu mmoja tu katika jengo lile. Aliupita ukumbi wa wachoraji, mzee akimfuata, akagonga mlango wa mkurugenzi. Kumtaja mwizi ni rahisi, kumtaja bosi ni kukalia kuti kavu.

"Bosi, Ijumaa saa nane na dakika kumi, ulikuwa ndani ya Kabati kwa jina la mzee?"

"Mimi? Mimi nilikuwa na wageni hapa, nikawaonesha tulikotoka, nikavuta ule mchoro wa zamani nikauweka..." Sauti yake kubwa ikaanza kupungua. "Kompyuta ikaniuliza, nibadilishe uliopo? Nikabonyeza ndiyo. Mimi huwa nabonyeza ndiyo kwa kila kitu."

"Kwa nini usiingie kwa jina lako?"

"Neno langu la siri nililisahau mwaka juzi," akasema. "Niliona aibu kuuliza."

Mzee Muhuri alikohoa. "Kijana, mimi ndiye niliyekupokea hapa ukiwa hujui hata kuchonga penseli. Umemwambia mama wa watu ni kosa lake mbele ya ofisi nzima. Sasa?"

Mkurugenzi alitazama mlango. Bi Komeo aliona waziwazi jinsi anavyopima, na akajua kwamba mtu huyo angeweza kulizima jambo lile palepale. Kisha bosi akainuka, akajivuta suruali, akatoka hadi katikati ya ukumbi.

"Sikilizeni," akasema. "Mchoro wa hospitali niliubadilisha mimi. Kwa uzembe wangu. Huyu mama hana kosa, na kama si yeye nisingejua mpaka naingia kaburini."

Penseli ndiye aliyeanza kupiga makofi, wakafuata wengine, na dereva akapiga meza kwa viganja. Bi Komeo alilia mbele za watu na wala hakujali. Ijumaa alikabidhiwa barua ya ajira ya kudumu, na kikaratasi cha mlango wa chai alishakichana Mzee Muhuri siku ileile ya Alhamisi kwa mkono wake kabla ya kurudi kwa kuku wake.

Jumatatu asubuhi alikuta ombi la kwanza limeshafika. Lilitoka kwa jina halisi la mkurugenzi, aliyekwisha kupewa neno jipya la siri. "Naomba ruhusa ya kuhariri, folda ya Michoro Iliyoidhinishwa. Mimi ndiye mkurugenzi."

Bi Komeo alikunywa chai yake kwanza. Halafu akabonyeza: Kusoma tu.

Dakika tano zilipita. Jibu likaja kwa herufi ndogo, bila sauti kubwa yoyote.

"Nimepata, Bi Komeo. Asante."