Mfungua Njia

Vuli ile, kilichomchosha Mwanahawa kuliko tope, kuliko soksi zisizokauka na maharage ya kila jioni, kilikuwa ni kuulizwa habari za bega lake.

Aliulizwa asubuhi akipiga mswaki. Aliulizwa darasani, mwalimu wa Jiografia akikatisha somo la mmomonyoko wa udongo ili amuulize kama ameketi vizuri. Aliulizwa na mpishi, na mlinzi, na mama mmoja aliyekuwa akipita na tenga la kabichi kichwani, mtu ambaye hata jina lake hakulijua. Kila aliyeuliza alimalizia kwa pole. Ikafika mahali neno lenyewe likawa linamwasha kama sweta la sufu.

Shule yao ilikuwa ya bweni, juu kidogo ya Mlali, mahali milima ya Uluguru inapoanza kupanda kwa hasira. Watoto walisoma masomo kama wenzao wa kwingine, ila mchana wakitoka darasani walipakia baiskeli kwenye lori bovu la shule, wakapelekwa juu, na kutoka huko walishindana kuteremka. Njia yao ilikuwa ile ile waliyopita wakulima: mawe, mizizi ya miti, migomba kushoto, korongo kulia. Kiangazi ilikuwa vumbi na mwendo. Vuli ikiingia, ilikuwa utelezi mtupu, na hapo ndipo Kocha Benedikto alipopenda kusema kwamba mwendeshaji anatengenezwa. Wanafunzi walisema kinachotengenezwa ni mafua.

Katikati ya njia ile palikuwa na kona waliyoiita Kikaango, kwa sababu aliyeingia vibaya aligeuzwa. Mwanahawa aligeuzwa wakati wa masika. Aliruka juu ya usukani, akatua na bega la kushoto, mtulinga ukavunjika. Alikaa nyumbani Matombo hadi mfupa ukashika, daktari akampiga picha na kusema amepona, aendelee na maisha yake. Alirudi shuleni akiwa na furaha ya ajabu. Ikawa kila mtu amemsikia daktari isipokuwa wale waliotakiwa kumsikia.

Kocha alimruhusu kuendesha nusu ya chini tu, pale ambapo hata mbuzi hupita bila wasiwasi. Siku nyingine alimpa jembe azibue mifereji ya njia, au brashi asugue cheni za wenzake. Matroni Joyce alimwongezea maziwa bila kuombwa. Na Rahel, rafiki yake wa kitanda cha juu, binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa aliyekuwa na misuli kama ya baba yake, alikuwa akimnyang'anya baiskeli kila walipofika kwenye ngazi za bweni ili ambebee.

"Lete hapa."

"Rahel, niache."

"Utajiumiza bega."

"Asubuhi nimelima mfereji na bega hili hili. Ulikuwa wapi?"

"Basi umeshalichosha. Lete."

"Usinizingue, Rahel!"

Na Rahel alimtazama kwa macho ya huruma, macho ya mtu aliyemsamehe mgonjwa, kisha akapanda ngazi na baiskeli mbili, moja kila mkono. Hapo ndipo Mwanahawa alipotamani kumrushia kiatu.

Mashindano ya mwisho wa mwaka yalipokaribia, shule mbili zilialikwa, moja kutoka Lushoto na nyingine kutoka Iringa. Kocha aliwakusanya wanafunzi bwaloni akasoma majina. Rahel alipangwa kuanza wa kwanza. Yakafuata mengine. Mwanahawa alisubiri mpaka Kocha akakunja karatasi.

"Na Mwanahawa atakuwa mfungua njia," alisema, kama mtu anayegawa zawadi.

Mfungua njia ni yule anayeteremka kabla ya wote, kuona kama njia inapitika. Havai namba. Hapimwi muda. Akifika chini anapiga simu juu, mashindano yanaanza, na yeye anasahauliwa.

Alimfuata Kocha nje. "Shikamoo, Kocha. Kwa hiyo nitateremka njia nzima?"

"Marahaba. Njia nzima."

"Kikaango pia?"

"Pia. Ila taratibu."

"Kama naweza kupita Kikaango, kwa nini sipewi namba?"

"Kwa sababu ukipewa namba hutakwenda taratibu." Kocha alipangusa miwani yake kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka. "Mjomba wako nimemwahidi, Mwanahawa. Nimempa neno langu."

Hapo alijua pa kupeleka hasira. Kwao Matombo mjomba ndiye mwenye neno kuhusu watoto wa dada yake. Baba yake alikuwepo, na alikuwa na maoni, lakini aliyesema shule au si shule, baiskeli au si baiskeli, alikuwa Mjomba Luqmani, mfanyabiashara wa ndizi na karafuu, aliyempigia matroni simu kila wiki na hakuwahi kuuliza habari za mitihani.

Usiku wa kuamkia mashindano mvua ilinyesha kana kwamba kuna mtu juu aliyesahau kufunga bomba. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye paa la jiko. Mjomba Luqmani alifika kwa bodaboda, suruali ameikunja magotini, na mkungu wa ndizi mbivu umefungwa nyuma ya kiti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Bega?"

"Zima."

"Mvua hii huoni? Leo kaa na mimi hapa chini, tule ndizi, tuwatazame wenzako."

"Mjomba, mimi nafungua njia tu. Taratibu. Hata nikitembea kwa miguu nitafika."

"Basi tembea."

Alikaribia kulia, si kwa huzuni bali kwa kuchoka. "Mjomba, naomba. Nimekaa ndani miezi yote ile. Mtu akikaa hivyo anaoza."

Mjomba aliangalia mlima, akaangalia kofia ngumu ya mpwa wake iliyokwaruzwa na ajali ile, akaguna. Mwanahawa hakungoja kujua guno lile lilikuwa na maana gani. Alirukia lori.

Kule juu simu hazikushika mtandao, kama kawaida ya siku za ukungu. Kocha akaamua vingine: mfungua njia atangulie, wangoje robo saa, na kama hakuna habari mbaya Rahel aachiwe. Wasimamizi walikuwa wamesambazwa njiani na bendera nyekundu. Kikaango alipewa Matroni Joyce.

"Taratibu," alisema Kocha.

"Taratibu," alisema Rahel, akimrekebishia mkanda wa kofia kama mtoto wa chekechea.

Mwanahawa aliwajibu kwa kuachia breki.

Mwanzoni alikwenda taratibu kweli, mpaka alipopotea kwenye ukungu na hakuna aliyemwona. Kisha akaiachia baiskeli iende. Tope lilimpiga usoni, matairi yakaimba juu ya mawe, migomba ikapita kama watu wanaokimbia kinyume. Kikaango kilipotokea, mwili uliikumbuka njia kuliko yeye: akalala upande wa ndani, akanyoosha mguu, akaingia juu na kutokea chini. Alimsikia Matroni Joyce akipiga yowe. Akacheka peke yake, kwa sauti, na tope likamwingia mdomoni.

Kutoka pale hakukuwa na la kuogopa. Njia ilinyooka kuelekea kijito chenye daraja la magogo, daraja alilolivuka mara zisizohesabika. Alitoka kwenye migomba kwa mwendo wote aliokuwa nao, na daraja halikuwepo.

Palikuwa na maji ya kahawia yakiruka, na gogo moja limesimama wima katikati kama mtu anayeomba lifti. Hakuwa na nafasi ya kusimama. Alijitupa kushoto, kwenye shamba la nyanya la mtu, akabiringika na miche na vijiti vyake, akatua juu ya bega lile lile.

Alilala akisubiri maumivu. Liliuma, ndiyo, kama linavyomuuma mtu yeyote aliyeanguka. Akainua mkono. Ukapanda. Akauzungusha. Ukazunguka.

"Haya," aliuambia ukungu. "Mmeona?"

Kisha akamkumbuka Rahel. Robo saa ilikuwa ikiisha, na Rahel angetoka kwenye ile migomba akiwa na kasi mara mbili ya yake.

Aliiacha baiskeli akaanza kupanda kwa miguu. Kupanda kule kwenye tope ni kazi ya kukatisha tamaa, hatua mbili mbele na moja nyuma. Alishika mizizi, alishika majani, alitambaa. Alipita akiita msimamizi aliyepaswa kuwa chini ya Kikaango, hakuna jibu. Pengine alikuwa amejikinga mvua mahali. Alimtukana kimoyomoyo na kuendelea. Alipofika chini ya kona, pumzi imemwishia, Matroni Joyce alimwona: bila baiskeli, tope mwili mzima, jani la nyanya limemganda shavuni.

"Jamani, mwanangu! Umeanguka tena!"

"Matroni, bendera—"

"Nilijua! Nilimwambia Kocha! Pole, mwanangu, pole sana, bega ni lile lile?" Matroni alitupa bendera chini akaja amefungua mikono yote miwili, akamkumbatia na kuanza kumpapasa mtulinga.

"Bendera, Matroni! Inueni bendera!"

"Usipige kelele, utajitonesha."

"DARAJA LIMEKWENDA!"

Juu yao, ndani ya ukungu, walisikia matairi. Mwanahawa alijichomoa mikononi mwa matroni, akaiokota bendera kwenye tope, akasimama katikati ya kona akiipunga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Rahel alitokea, akamwona, akakamata breki zote mbili. Baiskeli ilikwenda upande, Rahel akakaa chini kwa makalio na kuteleza hadi miguuni pake.

Rahel akasimama, akaitazama baiskeli yake iliyolala kwenye tope.

"Umeniharibia. Nilikuwa nimeanza vizuri, nilikuwa nimeanza vizuri kuliko siku zote. Hukupewa namba, ndiyo maana unanifanyia hivi?"

Hilo lilimpata Mwanahawa mahali ambapo huruma yao yote haikuwahi kufika. Alitaka kumjibu, na majibu alikuwa nayo mengi. Badala yake alimrudishia Matroni bendera, akamshika Rahel mkono wa fulana, akamvuta. Walishuka wote wawili hadi kwenye kijito. Rahel aliangalia maji, aliangalia lile gogo, akageuka kuangalia njia iliyonyooka aliyokuwa aje nayo. Akachuchumaa akatapika uji wa asubuhi.

Mwanahawa alimshikia kofia.

Mashindano yalisimamishwa hadi mchana. Watu wote walipanda kujenga daraja, wenyeji na wageni, vijana wa Lushoto wakibishana na wa Iringa jinsi ya kufunga kamba, mwenye shamba la nyanya akibishana na kila mtu. Mjomba Luqmani alikuja akihema, ameshasikia habari katika namna tatu tofauti. Alimkuta mpwa wake amebeba ncha ya gogo begani, na bega lilikuwa la kushoto. Alifungua mdomo. Mwanahawa akamtazama tu. Mjomba akaufunga, akakunja mikono ya shati, akaenda kuinua ncha ya pili.

Walipolitua, Mwanahawa alimwendea Kocha. "Nataka namba."

"Majina yameshapangwa, Mwanahawa."

"Nipangeni wa mwisho. Nimeanguka leo, Kocha, nimeangukia hapa hapa, na nimepanda mlima, na nimebeba magogo. Mnataka nifanye nini tena mjue kwamba nimepona? Niruke sarakasi?"

Kocha alimtazama Mjomba. Watu waliokuwa karibu walimtazama Mjomba. Mjomba Luqmani alijipangusa tope usoni, likahamia masikioni.

"Mtoto huyu ananichosha," alisema. "Tangu amezaliwa ananichosha. Mpe namba, mwalimu. Mimi sina nguvu ya kubishana hapa, nataka kukaa."

Aliteremka wa mwisho, baada ya wote kuichimba njia ikawa kama imelimwa na ng'ombe. Mwendo ulikuwa mzuri hadi Kikaango. Pale, bila kumwomba ruhusa, vidole vyake vilikamata breki. Si kwa nguvu, lakini ilitosha. Akaingia kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe. Alijitukana njia nzima hadi kwenye utepe. Akawa wa sita. Msichana wa Lushoto alishinda, Rahel akawa wa pili.

Jioni walikaa kwenye ngazi za bweni wakila ndizi za Mjomba, ambaye alikuwa ameondoka kabla giza halijaingia, akimlaumu dereva wa bodaboda kwa hali ya barabara.

"Ulikamata breki kwenye kona," alisema Rahel.

"Najua."

"Asubuhi, wakati hakuna anayepima, ulipitaje?"

"Kama upepo. Muulize matroni, alipiga yowe."

Rahel alitafuna, akameza. "Nilisema maneno mabaya pale juu."

"Ulisema."

"Basi nisamehe."

"Nitafikiria." Mwanahawa alimenya ndizi nyingine. "Kesho ukitoka kanisani tupande. Kona ile tu, mara nyingi nyingi."

"Lori halitembei Jumapili."

"Tutasukuma kwa miguu."

"Tope lote lile? Una wazimu." Rahel alisimama, akajinyoosha, kila kiungo kikalia. "Misa inaisha saa nne. Usije ukaanza kuniita kabla mahubiri hayajaisha."

Waliingia ndani kuoga. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati, ikipiga kelele hata wakashindwa kusikilizana. Mwanahawa alifungua bomba la bafuni. Likakohoa mara mbili, likatoa tone moja la kutu, likanyamaza.

"Hapana," alisema Mwanahawa. "Hapana, hapana, hapana."

Rahel tayari alikuwa ameegemea ukuta, anacheka hadi machozi. Mwanahawa alichukua ndoo, akatoka nayo nje, akaiweka chini ya mchirizi wa paa, na akasimama pale pale karibu nayo, na nguo zake zote, mpaka tope likaanza kumtoka.