Mabomba Mapana

Macho ya kaka yangu Kiyotaka yalikuwa yanafifia, na mashindano ya Jumapili ya magari ya kupanda mlima ndiyo yangekuwa ya mwisho kwake kuendesha. Alipochomelea ekzosi ya kigari chetu alichagua mabomba mapana, kama ya gari kubwa la marehemu baba.

“Kaka, injini hii ni ndogo. Moshi utapoteza kasi kabla ya kufika kwenye turbo, nayo bila moshi wa kasi haitazunguka kuipa injini nguvu.”

“Haya, mwalimu Hayami,” alinitania. “Nenda kachemshe chai.”

Mlimani nilikaa kando yake. Gari lilijikokota kila kona, na turbo iliamka tulipokaribia kilele, mbio zimekwisha.

“Angalau lilinguruma kama la baba,” alisema.

Akazima injini, akaniwekea ufunguo mkononi.