Lenzi Iliyolala Upande

Asubuhi fundi mwashi alishusha timazi kwenye ukuta wa ghorofa ya pili na kuutazama uzi kwa jicho la kulia, ambalo ndilo pekee lililokuwa linaona. Uzi ukaenda upande. Kile chuma cha nchani kikaning'inia hewani, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kikatulia hapo.

"Hebu geuka kwanza," alisema fundi mwenzake, akishikilia ndoo ya zege isimwagike. "Nikishapima nitakuita."

Akageuka. Uzi ukanyooka.

Mwaka uliopita alipandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, iliyotoka kwa marehemu asiyemjua. Ikashika vizuri. Kisha daktari aliyempandikiza akamwekea lenzi ya bandia, harakaharaka, kabla ya kwenda kula. Lenzi ikateleza, ikalala upande. Tangu hapo chochote alichokitazama fundi kililala nayo. Nyumbani mkewe aliacha kujaza bakuli, na watoto walizoea kula wameegemea kulia.

Mchana huo msimamizi alimsimamisha kazi. Hawakugombana. Alimwomba tu afumbe jicho, akamshika mkono hadi getini.

Mkewe akampeleka kliniki. Daktari yuleyule alimulika jicho akasema lenzi ipo mahali pake. Kalamu moja mezani ikabingirika, ikaanguka.

"Daktari," mke alisema, "kiti chako kinaelekea mlangoni."

"Viti hivi vina magurudumu, mama." Aling'ang'ania meza kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaandika dawa ya matone. "Ubongo wake utazoea."

"Hata mimi naona meza imeinama, na mimi sijapasuliwa."

"Nikilifungua jicho tena, mwili unaweza kuikataa konea."

"Basi usilifungue," fundi alisema. "Sema tu kwamba lenzi imeteleza. Nimesimamishwa kazi, daktari. Sema."

Daktari alisema operesheni ilifaulu.

Walirudi, wakarudi tena. Kila mara fundi alieleza yaleyale, mpaka sauti ikamkauka na mkewe akawa anamalizia sentensi zake. Safari ya mwisho walikuta viti vimekazwa sakafuni kwa skrubu na kalamu imefungwa kamba. Daktari mwenyewe alikuwa amejifunga mkanda kitini. Fundi alipoingia, chumba kizima kiliinama. Hakuna kilichoanguka.

"Mnaona?" daktari alisema, shingo upande. "Kuna maendeleo."

Akaongeza matone.