Mjomba na Uvimbe Uliogoma Kutoka Wote

Mjomba wangu ni fundi viatu, nami ndiye ninayemshonea soli. Kwa miaka mitatu kila kiatu alichojitengenezea kilikuwa kikubwa kuliko cha kabla yake, naye akailaumu ngozi, eti siku hizi inasinyaa. Vidole vikanenepa, taya likasogea mbele. Mkewe akasema, "Niliolewa na mtu mmoja, sasa nalala na mwingine, na huyu anakoroma zaidi."

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, akatuonyesha: chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage, na ya mjomba imeota uvimbe mkubwa. Umepanda juu, unaibana mishipa ya macho. Umetambaa pembeni, ukaukumbatia mshipa mkubwa wa damu.

"Tutapita puani," akasema. "Tutatoa sehemu inayobana macho. Iliyokumbatia mshipa wa damu tutaiacha, tuitulize kwa sindano kila mwezi. Ikikaidi, mionzi. Ukichelewa, utapofuka."

Mjomba akavaa kofia yake. "Mama daktari, mimi nikimrudishia mteja kiatu nusu, atanivua nguo mbele za watu. Wewe unataka kuniachia uvimbe nusu. Siku utakapoweza kuutoa wote, niite. Na macho yangu ni mazima."

Nyumbani mkewe akabembeleza, akalia, akanuna. Wapi. Mimi wiki nzima nikawa namtazama. Nikaona anageuza shingo yote kama bundi kutafuta gundi iliyo kando ya goti lake.

Asubuhi moja nikamwambia, "Mjomba, tuwekeane dau. Nitakuibia viatu vya wateja hapo ulipokaa, mchana kweupe. Ukinikamata hata kwa kimoja, hospitali hatutaitaja tena. Nikifikisha vitano, unakwenda."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwenye benchi hili hajapona mwizi, sembuse wewe mwenye mwendo wa bata."

Akaendelea kugonga, uso mbele. Nikapita kulia kwake polepole, nikachukua viwili. Nikazungukia kushoto, nikachukua viwili vingine. Mkewe mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa nguo. Kiatu cha tano nilikipunga kando ya sikio lake kabla ya kuondoka nacho.

"Anza basi," akasema mjomba. "Au umeogopa?"

Nikavipanga vyote vitano mbele yake. Nyundo ikabaki hewani.

"Lakini kazi nusu," akasema, kwa sauti ndogo.

"Msumari uliozama kwenye ngozi chakavu, unautoa?"

"Nikiutoa ngozi itachanika."

"Sasa unafanyaje?"

"Naupiga kichwa ulale, usimchome mtu." Akaguna, "Huyo ni dada yangu, mama yako, anasema kwa mdomo wako."

Siku ya tatu baada ya upasuaji tulimkuta amelala chali, pua imejaa pamba, nesi akimwandikia tarehe ya sindano ya kwanza. Alikatazwa kugeuza kichwa, naye alikuwa ameukazia macho ubao wa dari.

"Nesi," akasema, "huyo wa kitanda cha pembeni hamezi vidonge. Anavificha chini ya mto. Tangu asubuhi ni cha tatu."

Jirani akainuka kitako, akamtazama kwa chuki. Mke wa mjomba akaushika mkono wangu, akaubana mpaka ukauma.