Ukuta wa Plaiwudi

Fundi seremala alikuwa na tabia moja iliyomchosha mkewe: akipatwa na wasiwasi, mikono haikutulia. Alivuta futi ya chuma, akaiachia ijikunje yenyewe kwa kishindo, akaivuta tena. Siku hiyo alikuwa akiivuta tangu chai ya asubuhi.

Kisa kilikuwa simu ya binti yao. "Baba, nataka kurudi nyumbani," alisema, basi. Fundi alijibu, "Nakuja," akakata.

Ieleweke kwamba huku juu milimani watu hawaachani. Hata redio ilikuwa imelisema wiki ile ile: bondeni ndoa zinavunjika kama vikombe, milimani zinadumu, na mtaalamu akasifu maadili mpaka sauti ikamkauka. Majirani walitembea kifua mbele. Fundi hakujitapa sana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa mambo yakiharibika. Mume na mke wakichokana hawakwenda mahakamani. Walimwita aje na plaiwudi, apige ukuta katikati ya nyumba, kila mtu abaki na upande wake na jiko lake. Mlango wa nje ulibaki mmoja, na ndoa ikahesabiwa nzima.

"Sisi wa bondeni hatujakosa maadili," alisema mkewe, ambaye alizaliwa huko, huku akikunja nguo. "Tuna pa kurudi, hiyo ndiyo tofauti. Dada yangu alipoachika, mama alimtandikia kitanda hata hajashuka kwenye basi. Nyinyi binti akirudi mnamuuliza ameharibu nini."

"Mama watoto, usinianze."

"Sijakuanza. Kamlete mtoto."

Fundi akaenda, ila alienda kwa akili ya kwao. Alikodi pikapu, akapakia mbao na plaiwudi safi isiyo na fundo hata moja, akajiambia njia nzima kwamba binti yake atapata ukuta mzuri kuliko kuta zote alizowahi kupiga. Kila kona alijiuliza kwa nini anajiona kama mtu anayeenda kuiba.

Binti alikuwa amekaa juu ya begi lake mlangoni, viatu miguuni. Alipoiona pikapu alisimama, uso ukamchangamka. Kisha akauona mzigo.

"Baba, hizo za nini?"

"Tuingie ndani kwanza, nipime."

Mkwe alikuwa sebuleni. Alimwamkia fundi kwa adabu zote, akarudi kwenye simu yake. Hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa tu ameacha kumsemesha mkewe tangu mwaka jana, na akitaka chumvi mezani aliinuka kuizungukia mwenyewe, hata kama iko mbele ya mkewe.

Fundi akaanza kupima, na kazi ikamtuliza kidogo. Binti alimshikia ncha ya futi, kama alivyomshikia tangu utoto wake. Ndipo fundi akauliza swali analowauliza wateja wote.

"Unataka upande upi, wa dirisha au wa mlango?"

Binti akaiachia futi. Ikarudi mbio, ikamchana baba yake kidole.

"Wa kwetu," alisema. "Mimi nilidhani umekuja kunichukua."

Hakulia. Fundi angependa alie, angalau angepata la kufanya. Aibu ilimshika pale pale, aibu ya kweli, akasimama na kidole mdomoni kama mtoto. Alipokitoa akamgeukia mkwe.

"Mwanangu, una neno?"

"Akitaka kwenda aende," alisema mkwe, akimtazama fundi. Hata hapo hakumtazama mkewe.

Fundi akatoka na begi, akaliweka juu ya plaiwudi.

Nyumbani hapakuwa na chumba cha ziada. Mkewe aliitazama pikapu, akamtazama binti, akasogeza makochi bila kuuliza kitu. Fundi akaanza kupiga ukuta wa kukata pembe ya sebule, na haukuwa umekamilika pale jirani alipochomoza kichwa dirishani. Mtaa mzima ulimwita Bwana Pole, kwa sababu pole zake hufika kabla msiba haujaisha kutokea.

"Pole, fundi. Kumbe na nyinyi mmegawana?"

Alisema kwa upole, bila dharau. Milimani ukuta ni jambo la heshima. Fundi alihitaji kuitikia kwa kichwa tu, na mtaa ungempa pole siku mbili ukanyamaza. Nyuma ya plaiwudi, binti aliacha kupanga nguo. Mkewe alisimama mlango wa jikoni, asimsaidie hata kwa kikohozi. Mkono wa fundi ukaitafuta futi mfukoni, ukaishika, ukaiacha.

"Hatujagawana," alisema. "Binti yangu ameachana na mumewe. Hiki ni chumba chake."

Bwana Pole alitafuta pole ya jambo hilo, akaikosa. Akaondoka kwa haraka kwenda kutangaza. Fundi akaegemea ukuta wake mwenyewe.

"Baba," binti aliita kutoka upande wa pili. "Nipigie msumari hapa, nitundike nguo zangu."

Fundi akachakura kopo la misumari, akachagua mrefu.