Vumbi la Miguuni

Maji yalikuja polepole, kama mtu anayeamka bila kutaka. Kwanza mchanga ulilowa, kisha ukang'aa, kisha chini kabisa ya shimo kukatokea jicho dogo la maji, na ndani yake tukajiona, mimi na Wanjiro, vichwa viwili na kipande cha mbingu katikati. Tuliamini kwamba ukipiga domo sana maji hurudi yalikotoka.

Shimo hilo hunijia hata sasa, nikiwa nimekaa ofisini na sauti za watoto zikiingia dirishani pamoja na joto la saa nane. Sijui kama siku ile Wanjiro alikuwa amevaa gauni la buluu, au ni mimi niliyemvalisha baadaye katika kumbukumbu zangu. Lakini miguu yake naikumbuka barabara.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yalikuwa yamejificha chini. Wanawake walichimba, wakapanga mitungi, wakangoja. Sheria ya pale mtoni ilikuwa moja: aliyetoka mbali huchota kwanza, hata kama amefika mwisho. Mwamuzi alikuwa Susu Kalunde, bibi mmoja mkongwe aliyeshinda ukingoni na kibuyu chake. Hakuuliza sana, aliangalia miguu. Vumbi likikufika kifundoni, wewe ni wa karibu, ngoja. Likikufika gotini, umetoka nyuma ya vilima, pita mbele. Sikumsikia mtu akinung'unika, ingawa najua wapo walionung'unika moyoni.

Mimi, Nthenya binti Kalondu, nilitoka nyuma ya vilima. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti huko Kiboko na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo maji yalikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilipita mbele ya mama wazima nikiringia vumbi langu kama askari na sare mpya.

Wanjiro hakuwa mtu wa mtoni. Baba yake, Waithaka, alikuja Emali kutoka Murang'a kabla sisi hatujazaliwa, akafungua kinu cha kusagia mahindi karibu na stesheni ya reli, na kwao kulikuwa na mfereji uani. Mwaka huo hata mfereji ulikohoa hewa tupu. Akaja na mtungi mpya wa plastiki, miguu imepakwa mafuta, akawekwa nyuma ya kila mtu. Shuleni tulikalia dawati moja. Nikamhurumia. Nikamvuta nyuma ya kichaka, nikateka vumbi kwa viganja viwili, nikampaka kutoka vidoleni hadi magotini, nikasugua mpaka mafuta yakalishika. Alikuwa anacheka kwa sababu ya kutekenywa.

Tulirudi tumeshikana mikono. Susu Kalunde akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Huyu ametoka wapi?"

"Kwetu," nikasema.

Akatupisha. Nadhani alijua.

Baada ya hapo miaka ilienda jinsi miaka ya utotoni inavyoenda, bila mtu kuiona ikipita. Tuliingia pamoja shule ya upili ya harambee pale Emali. Wanjiro aliamka akisikia kengele. Mimi nilifika kengele ikiwa imeshalia, nikiwa nimetembea saa mbili, na kufikia somo la tatu macho yalikuwa yanafumba yenyewe. Kidato cha nne, mama yake, Rahab, alimwambia mama yangu, "Mwache huyu mtoto alale hapa mpaka mtihani uishe." Nililala kwao wiki tatu. Wanjiro alinipa kitanda chake, yeye akatandika mkeka chini, na asubuhi tulijisomea chini ya taa moja, treni ya mizigo ikipita na kutikisa vikombe. Sijapata kulala usingizi mtamu kama ule.

Matokeo yalipokuja, Wanjiro alikuwa na C plasi. Mimi nilikuwa na C.

Kisha likaja tangazo la vyuo vya ualimu, likasomwa hadi kanisani. Mwaka huo wangechukua msichana mmoja kutoka kila lokesheni, yaani eneo la chifu, iliyo kavu kama yetu, mwenyeji wa pale, mwenye alama za kutosha. Mchungaji alieleza kwamba sehemu zetu zimeachwa nyuma, na wasichana wa sehemu zetu wameachwa nyuma zaidi. Tulipiga makofi, mimi na Wanjiro, tumekaa benchi moja. Ilichukua siku mbili au tatu ndipo tukakumbuka kwamba msichana mmoja ni mmoja.

Fomu zetu zote mbili zilifika kwa Mwangangi, naibu wa chifu. Alikuwa mtu mnyofu, na unyofu wake ulimtesa siku hiyo. Alituita sote ofisini, chumba cha mabati chenye joto la jikoni: mimi na mama, Wanjiro na mama yake. Mama zetu walikuja na viondo vyao wakisuka, maana hawakuzoea kukaa mikono mitupu. Fomu zilikuwa mezani, na muhuri katikati.

"Kwa alama, Wanjiro ndiye yuko juu," Mwangangi akasema. "Hapo sina maneno. Lakini karatasi inasema mwenyeji. Sasa niambieni, mwenyeji ni nani?"

"Mzee, huyu nilimzalia hapa hapa," Rahab akasema. "Mwezi mmoja na Nthenya. Kikikuyu chenyewe anakijua nusu. Akiota, anaota kwa Kikamba."

"Kuzaliwa najua, mama. Lakini hii nafasi iliwekwa kwa sababu ya wale wa huko nyuma ya vilima. Nikimpa mtoto wa stesheni, watasema nimekula kitu. Na nikimnyima, nitakuwa nimemnyima mtoto niliyemwona akizaliwa." Akafuta jasho. Kisha akanigeukia mimi, na mpaka leo sijui kama alinionea au aliniheshimu. "Nthenya, umekua na huyu. Ukisema ni wa hapa, nitaandika ni wa hapa, na alama ziamue. Nitaandika vile utasema. Huyu ametoka wapi?"

Vidole vya mama vikasimama juu ya katani. Nje mbuzi alikuwa anajikuna kwenye mabati, kru, kru, kru. Nilijua jibu. Nililijua tangu siku ya shimo lile. Nikaona pia barabara ya vilima, na mimi nikiipanda kila siku na mtungi mgongoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka nizeeke hapo.

"Baba yake alitoka Murang'a," nikasema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Mwangangi akangoja kidogo, pengine akitumaini kwamba nitaongeza kitu. Sikuongeza. Wanjiro hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, ambayo asubuhi hiyo niliipaka mafuta ikang'aa, kwa heshima ya ofisi. Muhuri ukaanguka kwenye fomu yangu.

Nilifurahi, na sitaki kusema uongo juu ya hilo. Niliona aibu pia, na vyote viwili vikakaa moyoni kama wake wenza wasiosalimiana.

Wanjiro alipeleka karatasi zake Murang'a, kwa baba yake mdogo, Evanson, ajaribu huko. Wakamwambia yeye ni wa Ukambani, na nafasi zao ni za watoto wao. Akarudi Emali akiwa na koti la sweta alilonunuliwa kwa ajili ya baridi ya huko. Kifua cha mzee Waithaka kikaharibika kwa unga wa miaka mingi, na Wanjiro akashika kinu.

Mimi nikawa mwalimu, na si mwalimu mbaya. Nilianzia shule moja karibu na mji mdogo wa Tulia, nikafundisha wasichana waliofika darasani wakisinzia kama mimi, na sikuwachapa kwa kusinzia. Wengine wao sasa ni wauguzi, wengine ni walimu. Nikitaka kujitetea nawataja majina, mmoja mmoja, mpaka moyo utulie. Nafasi ile iliwekewa mtu kama mimi. Niliamini hivyo na bado naamini. Ingekuwa ya wizi, ningekwisha kutubu zamani. Ni lile jibu langu linalonirudia, na huja pamoja na shimo la mchanga, na kwenye ndoto zangu maji yake hayajai kamwe.

Mwaka wa tisini na nane nilihamishiwa shule ya msingi ya Emali. Lango lake linatazamana na kinu. Mwaka karibu mzima nilikula unga wa pakiti, nikapitia mlango wa nyuma, nikajiambia nina kazi nyingi. Kisha mama akaniletea mahindi ya shamba lake, gunia dogo alilolibeba mwenyewe kutoka nyuma ya vilima, na sikuwa na la kufanya ila kuyapeleka kusagwa. Nikachukua beseni, nikavuka.

Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wa sokoni na wa vijijini, na mashine ilikuwa ikinguruma hivi kwamba mtu alisikia zaidi kwa macho. Wanjiro alisimama katikati ya wingu jeupe. Unga ulikuwa kwenye kope zake, kwenye mikono, kwenye miguu hadi magotini. Nilisimama mwisho nikiangalia chini. Naye akaniona. Akazima mashine, na ule ukimya ukaja ghafla, mpana, kama wa mtoni zamani.

"Mpisheni mwalimu," akasema kwa Kikamba, sauti ya kawaida kabisa, bila uchungu niliokuwa nimejiandaa kuupokea. "Ametoka mbali."

Akina mama wakavuta mabeseni yao pembeni, kama walivyofunzwa tangu utoto. Mmoja, ambaye vumbi jekundu lilikuwa limemfika gotini, akanitabasamia. Nilifungua kinywa. Shule ilikuwa nyuma yangu, hatua thelathini, ningeweza kuionyesha kwa kidole.

Nikapita mbele.