Masizi wa Pili

Katika karakana ile ya kushona sare, mtu hakuhesabiwa mfanyakazi kamili mpaka apewe jina. Wiki ya kwanza uliitwa "wewe" tu. Ijumaa jioni, cherehani zikishazimwa, msimamizi alipanda juu ya kiti, akakutazama toka utosini hadi vidole vya miguu, halafu akatamka jina. Watu wakicheka sana, limepita. Jumatatu ulilikuta limetariziwa kwa uzi mwekundu kwenye mfuko wa aproni yako, na tangu hapo lile ulilopewa na wazazi wako lilibaki kwenye kitambulisho, halina kazi.

Mpiga pasi aliitwa Kipara, kwa sababu zisizohitaji maelezo. Mama aliyetarizi na kushona vifungo, ambaye aliweza kusinzia mchana kweupe huku sindano ikienda, aliitwa Mama Ndoto. Msimamizi mwenyewe aliitwa Tumbo, na alikuwa akilipigapiga mbele ya wateja kwa fahari. Na mkataji, yule bwana mrefu wa meza ya mwisho, ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuharibu hata mita moja ya kitambaa, aliitwa Masizi.

Masizi ni yale meusi yanayoganda chini ya sufuria. Mkataji alikuwa wa jamii yenye weusi uliokolea kuliko wengine wote mjini, watu ambao babu zao waliletwa kubeba mawe ya reli, na ambao mpaka leo wakibisha hodi kuulizia chumba cha kupanga huambiwa kimeshapata mtu. Ijumaa aliyopewa jina hilo alicheka pamoja na wenzake. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba, akasimama pale akiyatazama maji yakienda bure. Aliporudi akacheka tena, kwa kuwa aliona wazi kwamba asiyecheka Ijumaa ile hatakuwa na Jumatatu. Na mtu akishaanza kucheka jambo, ataachia wapi?

Tusimwonee Tumbo. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo kisa hiki kinaponitia hasira. Angekuwa mkorofi tungemaliza kwa maneno mawili tukaenda zetu. Mke wa mkataji alipozidiwa, na magari yote yakakataa kuingia mtaa wao, ni Tumbo aliyembeba mgongoni mpaka barabara kubwa, na kitambi chake kile, akihema njia nzima. Mke huyo alipofariki, Tumbo aliingia kaburini kumpokea. Binti wa mkataji alikua akimwita Baba Mdogo. Na alipomaliza chuo cha ushonaji, Tumbo ndiye aliyempatia cherehani kwenye karakana, wala hakutaka ashukuriwe.

Mkataji alifurahi kama mtoto. Aproni ya binti yake aliikata mwenyewe, saa ya mapumziko, kwa kitambaa kizuri kilichobaki kwenye sare za wauguzi, akaipeleka kwa Mama Ndoto ikae tayari kungojea jina. Wiki nzima alikuwa akibashiri. Mtoto ana mkono mwepesi, labda ataitwa Risasi. Au Chiriku, kwa vile haachi kuimba akishona. Binti wa Kipara aliyeajiriwa mwaka uliotangulia alikuwa ameitwa Mbio, kwa kuwa hajui kutembea taratibu, na jina lile lilimkaa vizuri. Kwa hiyo mkataji hakuwa na wasiwasi wowote. Unaweza kumlaumu, lakini alikuwa baba, na akina baba wana ujinga wao.

Ijumaa ikafika. Tumbo akapanda juu ya kiti. Safari hii hata hakujisumbua kumtazama binti.

"Huyu wala hana haja ya kutafutiwa," alisema. "Masizi wa Pili!"

Karakana nzima ikavunjika mbavu. Na mkataji naye akacheka. Hakuamua, kicheko kilimtoka chenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, na kilipokuwa bado mdomoni aliona binti yake akimwangalia. Hakuwaangalia wale wengine hata kidogo. Alimwangalia yeye.

Jumatatu binti alikuja bila aproni. Jumatano akapeleka barua kwa meneja. Alhamisi, saa sita, wote wakaitwa kwenye chumba cha kulia, na meneja, mama mmoja mkavu wa maneno aliyehamishiwa pale miezi mitatu nyuma, akaweka kijitabu cha kanuni mezani.

"Kuna malalamiko kwamba hapa mtu anatukanwa kwa asili yake," alisema. "Kanuni ziko wazi. Likithibitika ni tusi la asili, aliyelitoa anaondoka. Likiwa ni utani ambao wenyewe mmekubaliana, tunafunga jalada, na aliyelalamika ataomba radhi kwa kuwachafulia wenzake jina. Nataka kusikia."

Walikuwa na mengi ya kusikika. Mama Ndoto, macho yamemtoka kwelikweli leo, ndiye aliyeanza.

"Mimi nauliza tu. Siku hizi mtu aseme nini? Maana hata ukipiga chafya utaambiwa umemdharau mtu. Mimi naitwa Ndoto, nimekufa?"

"Mimi naitwa Kipara na mke wangu anajua," alisema Kipara. Watu wakacheka. "Sasa nikimbilie ofisini kwa sababu ya kipara? Utani ndio unaotuweka pamoja hapa. Ukiuondoa, tutabaki tunasalimiana kama watu wa benki."

"Na mimi je?" Tumbo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia hasa, na alikuwa ameumia hasa. "Huyu mtoto nimemlea. Mama yake nimembeba kwa mgongo huu. Leo naitwa mbaguzi! Mbaguzi anaingia kwenye kaburi la mtu anayembagua?"

Mkataji aliinamisha kichwa. Alijua kila neno ni kweli, na aliona zamu ya kuulizwa inakuja, na kwamba jibu lolote atakalotoa litamkata mtu.

Binti akasimama. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono ameifumbata nyuma.

"Baba Mdogo, sijasema hukumbeba mama," alisema. "Nakushukuru mpaka nife. Mimi nina swali moja. Kipara ana binti yake hapa. Mbona haitwi Kipara wa Pili?"

"Kwa sababu ana nywele!" mtu akadakia nyuma, na kicheko kikapasuka.

Binti akangoja kiishe.

"Sawa. Yeye mkamtazama, mkaona ana nywele, mkaona anatembea haraka, mkampa la kwake. Mimi mlinitazama mkaona nini?"

Watu thelathini na kitu walimtazama usoni, kwa sababu ndiko swali lilikowapeleka, halafu mmoja mmoja wakaanza kutafuta pa kuweka macho. Mama Ndoto alishika kifungo cha blauzi yake kana kwamba kimelegea. Kwa muda mfupi, niseme kuhesabu mpaka kumi, haki ilikuwa imekaa nao chumbani humo na kila mtu aliijua.

Ndipo meneja akaharibu, kwa nia njema. Akamgeukia mkataji.

"Mzee, wewe ndiye mwenye jina. Umeitwa hivyo miaka kumi na minane. Sema wewe. Linakuumiza, halikuumizi?"

Mkataji akasimama. Neno "linaniumiza" lilikuwa pale pale. Alikuwa nalo tangu siku ya bomba. Lakini alimwona Tumbo, jasho linamtiririka, mtu wa miaka hamsini na sita ambaye nani tena angemwajiri. Aliona thelathini na kitu wanaongoja kujua kama miaka yote hiyo alikuwa mwenzao au alikuwa akiwawekea kinyongo. Na aliona aibu, ambayo ndiyo iliyomshinda kuliko yote: akisema linamuuma, wataelewa kwamba kila alipocheka alikuwa akidanganya, na wataanza kumhurumia. Mtu aliyebandikwa jina kwa kicheko anaweza kulivumilia. Kuhurumiwa na watu walewale waliocheka, hapana, hakuona angeishi vipi nako.

"Ni utani tu," alisema. "Mimi sijawahi kuumia. Mtoto ni mgeni, hajatuzoea."

Wakampigia makofi. Tumbo alikuja akamkumbatia, machozi yanamtoka, akisema, "Ndugu yangu, ndugu yangu," na kumbatio lenyewe lilikuwa la kweli. Hakuna aliyekuwa akiigiza mle ndani isipokuwa mkataji. Meneja akaandika mistari miwili, akamwambia mkataji atie sahihi, akatia. Kisha binti akaambiwa aombe radhi. Akaomba, kwa sentensi moja iliyonyooka. Akarudi kwenye cherehani yake na kumalizia kola alizokuwa nazo.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, binti mbele, baba hatua kumi nyuma. Kila alipoongeza mwendo, binti naye aliongeza. Nyumbani alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kunawa, akakaa. Hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu.

"Mwanangu," mkataji akasema, "ningemfukuzishaje kazi mtu aliyembeba mama yako?"

"Sikutaka afukuzwe, Baba. Ningemwombea mimi mwenyewe abaki. Nilitaka uulizwe mbele za watu, useme ndiyo. Basi."

Mkataji akasukuma sahani.

"Linaniuma," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. "Tangu siku ya kwanza. Linaniuma mpaka leo."

Binti alimtazama kwa huruma, ile ile ambayo baba aliikimbia mchana, isipokuwa hii ilitoka kwa mtu mmoja tu na baba hakuwa na pa kuikimbilia.

"Sasa mimi unaniambia nini?" alisema. "Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa mdogo, ukirudi kazini unakaa hapo mlangoni, unajifuta uso na kitambaa kikavu, unajifuta, unajifuta. Mama akaniambia nisikuulize."

Akaondoa vyombo.

Kesho yake asubuhi na mapema mkataji aliwahi ofisini kwa meneja kabla mtu hajafika. Alisema amebadili maneno. Meneja, ambaye hakuwa mtu mkatili, alifungua jalada akamwonyesha sahihi.

"Mzee, yapi ya kweli? Ya jana au ya leo?"

"Ya leo."

"Na jana ulidanganya kwenye kikao cha kazi, mbele ya watu wote, ukatia sahihi. Nikilifungua hili upya, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Na binti yako yuko kwenye miezi ya majaribio. Nenda kafikirie."

Alienda. Hakufikiria chochote. Alikwenda kwenye meza yake, akatandika kitambaa, akachukua chaki. Mkono ulichora mistari iliyonyooka kama kawaida, na hilo nalo lilimchukiza.

Binti aliingia saa mbili kasoro. Alikuwa amevaa aproni. Mtarizo wa Mama Ndoto ulikuwa mzuri, herufi nene zimejaa, na watu walipoiona walifurahi waziwazi, wakampigapiga begani, wakamwambia ndio ukubwa huo, ndio ukomavu. Mtu mmoja alimletea chai. Walitaka kweli mambo yaishe, na kwa upande wao yalikuwa yameisha. Hakuimba siku ile, lakini nani angekumbuka kwamba alikuwa akiimba?

Saa nne Tumbo alitokea stoo, amebeba robota la kitambaa begani, linamwelemea. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Masizi!" aliita. "Njoo unipokee huku!"

Mkataji akainua kichwa. Na upande wa pili wa karakana binti yake akainua kichwa.

"Masizi yupi?" akauliza Kipara toka kwenye pasi.

"Aah, yeyote tu," alisema Tumbo. "Si ni wale wale?"

Mkataji aliweka mkasi chini. Binti alikuwa ameshasimama.

"Naam, Baba Mdogo," alisema, na akaenda kupokea mzigo.